Kiraka cha Nta

Tindo liliacha kulia.

Enid Hattersley alikuwa ameiegemea nyundo ya upepo kwa bega, akipunguza ukingo wa chuma uliobaki mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Tangu asubuhi kazi ilikwenda kwa sauti moja, kama kengele inayogongwa mbali, maana chuma kizima hulia hivyo. Sasa, karibu na shingo ya ganda la chuma alilokuwa akilikata, sauti ikafa. Tindo likazama kama limechomwa kwenye boga lililoiva.

Akafunga upepo. Akapandisha miwani kwenye paji la uso, akainama. Kwenye ncha ya tindo palikuwa na kitu cheusi, laini, kilichovutika kidogo alipokigusa. Joto la tindo lilikuwa limekilainisha. Akakipeleka puani.

Asali.

Alijua ni nini kabla hajajiuliza. Wasubu chuma wa Sheffield walikuwa na dawa yao ya kufichia aibu: nta ya nyuki, unga wa chuma, masizi kidogo na utomvu wa msonobari, vikachemshwa pamoja kwenye kopo. Ukishaishindilia ndani ya tundu na kuisugua kwa tupa, inang'aa kama chuma chenyewe. Wenyewe waliiita siagi. Lango la bustani likitoka kwenye kalibu na tundu la hewa, hupakwa siagi, na lango hilo huning'inia miaka na miaka bila kumdhuru mtu. Baba yake alimfundisha kuitengeneza mezani jikoni alipokuwa bado anasukwa mikia miwili, kama baba wengine wanavyowafundisha watoto karata. Hakuna aliyeiona kuwa wizi. Ni kama kumfunga mtoto vifungo vya shati kabla hajatoka mbele za watu.

Lakini lile ganda halikuwa lango. Lilikuwa limelazwa juu ya magogo, refu kuliko watu wawili waliolala kichwa kwa miguu, kiuno chake kipana kama pipa la bia, na pua yake imechongoka na kuwa nene kuliko sehemu nyingine zote. Kwenye karatasi za kazi liliitwa tangi. Kila mtu alilitaja hivyo bila kucheka, isipokuwa Lottie Marples, mwendesha kreni, aliyesema ni tangi la kuogea mfalme, na kwamba maskini ataogea kichwa chini miguu juu. Malori yalikuja kuyachukua maganda hayo yakiwa yamefunikwa turubai. Hakuna aliyeuliza yanakwenda wapi.

Enid aliirudisha ile nta ndani ya tundu kwa kidole gumba, akapaka grisi na vumbi la chokaa juu yake. Mkono wake ulifanya hivyo wenyewe. Majira hayo ya baridi yalikuwa ya sita tangu vita vianze, na nta ya nyuki haikuonekana dukani hata kwa dawa. Katika kiwanda kizima mtu mmoja tu alifuga nyuki, kwenye kishamba cha kukodi nyuma ya reli. Mtu huyo alikuwa Amos Hattersley, mtengeneza kalibu, baba yake.

"Mbona umenyamaza, dada?"

Bohumil Vanek alichungulia kutoka upande wa pili wa ganda. Alikuwa fundi wa kuchomelea, Mcheki, aliyeikimbia nchi yake kabla Wajerumani hawajafunga mipaka. Alizungumza taratibu, kama mtu anayepita juu ya barafu.

"Tindo limekuwa butu," alisema Enid.

"Ulilinoa baada ya chai. Nilikuona."

"Basi umeniona vibaya."

Bohumil alimtazama, kisha akatazama mahali mkono wake ulipokuwa. Hakusema neno. Akarudi kwenye kazi yake. Enid akabaki akijiuliza kile kimya kilikuwa cha mtu asiyejua kitu au cha mtu anayejua zaidi yake.

Aliendelea kukata upande mwingine, polepole, huku akipanga mambo kichwani jinsi alivyozoea kupanga matindo yake, moja baada ya jingine. Ganda lilitoka tanuri la kukazia chuma Jumamosi. Nta isingeweza kustahimili tanuri lile hata dakika moja. Kwa hiyo iliwekwa baada ya hapo, siku ya Jumapili, maana tangu Jumatatu ganda halikukosa watu wa kulizunguka. Na Jumapili walikuwa kazini watu watatu tu: Wilfred Pinder, nyapara, Bohumil, aliyekuja kuchomelea masikio ya kunyanyulia, na baba yake, aliyekuwa akiandaa kalibu jingine.

Bohumil akiona tundu angelichomelea. Ndiyo kazi yake. Lakini kila tundu lililochomelewa lilipaswa kuonyeshwa kwa mkaguzi, na mkaguzi angeuliza kalibu lilikuwa la nani. Mwezi huo maganda mawili yalikuwa yameharibika, yakarudishwa kuyeyushwa upya. Yote mawili yalitoka kwenye makalibu ya Amos Hattersley.

Enid hakupenda jinsi mambo yale yalivyojipanga.

Adhuhuri walikula kwenye chumba cha kulia, mkate uliopakwa mafuta ya nyama na chai kwenye vikombe vya bati. Bohumil alikaa peke yake karibu na mlango. Tangu wanaume wawili wa usalama, wa makoti marefu, waje kumhoji ofisini, benchi lake lilikuwa na nafasi ya kutosha.

"Leo Bohumil anakula nini?" Lottie aliuliza kwa sauti ya kusikika. "Kabichi au siri za serikali?"

"Kabichi," Bohumil alijibu. "Siri zimekwisha. Nyapara amekula zote."

Watu wawili watatu walicheka, wakaacha walipomwona Pinder ameingia. Pinder alikuwa mnene, mwenye masharubu yenye rangi ya ugoro, na kopo la ugoro halikutoka mkononi mwake. Zamani naye alitengeneza kalibu, bega kwa bega na Amos, kabla hajapandishwa cheo.

"Cheka tu, Lottie," alisema. "Maganda mawili kwa mwezi mmoja. Mimi nimezaliwa kwenye mchanga huu wa kalibu, sijapata kuona. Kuna mkono wa mtu."

"Mkono wa nani, bwana nyapara?"

"Mimi sijataja mtu."

Hakutaja, lakini alitazama mlangoni, na wote wakatazama huko. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Bohumil akaendelea kutafuna.

Enid alikaa karibu na baba yake. Mzee Amos alimimina chai mwenyewe, akiwa ametumbukiza ncha ya kidole cha shahada ndani ya kikombe. Chai ilipokigusa, akaacha. Enid alikuwa ameiona tabia hiyo tangu majani yalipoanza kuanguka, akadhani ni uzee tu na miaka ya kushika vitu vya moto. Leo kila alichofanya baba yake kilionekana kuwa na kitu nyuma yake.

"Baba, ile nta ya mwaka jana bado ipo?"

"Nta ya nini?"

"Mlango wa kabati unakwaruza."

"Upake sabuni." Alikunywa chai. "Nta imekwisha tangu Krismasi."

"Yote? Zilikuwa keki tatu."

"Nimesema imekwisha, Enid."

Hakumwita mama, wala binti, wala mtoto wangu. Enid hakukumbuka mara ya mwisho baba yake alipomwita kwa jina. Alimtazama usoni, lakini Mzee Amos alikuwa amegeuzia macho dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila karatasi nyeusi iliyobandikwa kuzuia mwanga usionekane na ndege za adui.

Mkaguzi alifika alasiri. Aliitwa Tranter, mtu mwembamba mwenye mafua yasiyopona, aliyetembea na nyundo ndogo ya shaba mfukoni kama daktari na kipimo chake. Alianza kwenye pua ya ganda, akigonga na kuinamisha sikio, akigonga na kuinamisha sikio. Pinder alimfuata nyuma akivuta ugoro. Enid alisimama na nyundo yake ya upepo imening'inia. Angeweza kusema. Kila hatua ya Tranter ilimpa nafasi ya kusema, na kila hatua aliiacha ikapita.

Nyundo ya shaba ikafika shingoni. Ikagonga, ikasema tap, kama mlango wa mbao.

Tranter aligonga tena. Akafuta grisi kwa leso. Akatoa kisu kidogo, akachokoa, akatoa punje nyeusi, akaiviringisha katikati ya vidole.

"Hii isingestahimili tanuri. Nani alikuwa na ganda hili Jumapili?"

"Tulikuwa watatu," alisema Pinder upesi. "Mimi, Mzee Amos na Vanek. Vanek ndiye aliyekuwa peke yake nalo. Masikio ya kunyanyulia aliyachomelea yeye."

"Ulimwona akifanya hivi?"

"Nimesema alikuwa hapa, bwana. Mengine nanyi mna macho."

Hilo lilitosha. Tranter aliita askari wawili wa lango. Walimshika Bohumil viwiko, mmoja huku, mmoja huku, naye hakuvuta mkono. Ilikuwa kama mtu anayevaa koti lake la zamani. Alimtazama Enid tu. Enid alijua anachosema kwa macho yale. Bohumil aliiona grisi. Alimwona akiipaka.

Mzee Amos alikuwa amesimama karibu na kalibu lake, mikono imejaa mchanga. Enid alimtazama na kungoja. Alihesabu pumzi zake mwenyewe. Baba yake hakusogea.

"Mwacheni," alisema Enid. "Nta hiyo ni ya mizinga yetu ya nyuki."

Watu wakaacha kazi. Hata Lottie alisimamisha kreni.

"Unasemaje, binti?" Tranter aliuliza.

"Inanuka asali. Mtu mwenye nta ya nyuki hapa ni baba yangu. Huyu Mcheki hana hata mshumaa." Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimshangaza. "Niliiona asubuhi, nikaifunika. Hilo ni langu."

Tranter alimgeukia mzee. "Ni kweli?"

"Nta ni yangu," alisema Mzee Amos. Alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Mkono si wangu."

"Ni wa nani?"

"Nta nimewagawia watu. Ya viatu, ya kifua, ya nyuzi za kushonea. Mimi siendi majumbani mwa watu kuuliza waliifanyia nini."

Enid hakumwamini. Ilimuuma kulijua hilo, lakini hakumwamini. Hivyo ndivyo mtu angesema akiwa na hatia na akili timamu.

Tranter alipiga chafya, akajifuta pua, akafikiri. Hakuwa mtu wa haraka.

"Nitawaambia tutakavyofanya," alisema mwishoni. "Tundu litakatwa mpaka tupate chuma safi. Ikiwa ni kina kidogo, ni upumbavu wa mtu wa karakana, na mimi nitaandika upumbavu. Ikipita nusu ya unene wa ganda, basi si mimi tena nitakayeandika. Watakuja wa makoti marefu, na watamchukua mtu. Kata, binti."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyeifunika. Ifunue."

Enid alifungua upepo. Alikata kwa pembe ya tindo, kidogo kidogo, huku amewapa mgongo wote. Kila baada ya kitambo alisimama, Tranter akaingiza kipimo chake chembamba, akatikisa kichwa. Bado nyeusi. Harufu ya asali ilipanda na moshi, harufu ya jikoni kwao siku za kurina asali Septemba, na Enid alitamani inuke kitu kingine chochote. Baba yake hakusogea karibu. Askari walikuwa bado wamemshika Bohumil.

Kina cha ukucha. Bado. Kina cha kifundo cha kidole. Bado, na sasa tundu lilianza kupanuka kwa ndani, kama shimo la panya linavyokuwa jembamba mlangoni na pana chumbani.

"Halikuwa na kina hicho," alisema Pinder.

Alisema polepole, kama mtu aliyekuwa akiongea na nafsi yake. Kopo la ugoro lilikuwa wazi mkononi, na ugoro ulikuwa ukimwagika juu ya kiatu chake.

Tranter alinyanyua kichwa. "Umejuaje?"

Pinder alitazama lile tundu. Enid aliona uso wake, na hakuona hofu aliyoitazamia. Aliona uso wa fundi aliyelivunja kalibu lake mwenyewe.

"Kilikuwa kipele," alisema. "Ukucha wangu haukuzama. Kama ningejua kinakwenda ndani nisingekigusa. Mimi nilikijaza, bwana. Jumapili."

"Nyapara mzima," alisema Lottie kutoka juu.

"Nyamaza, Lottie." Hakuwa na nguvu ya kumkemea. Alimgeukia Tranter. "Tusidanganyane. Miezi yote hii tunaita tangi. Ni bomu. Kila mtu hapa anajua ni bomu, hata paka. Na bomu ni la kupasuka. Sasa kipele kimoja usoni kwa kitu ambacho kazi yake ni kupasuka, kinamdhuru nani?"

Neno hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya karakana. Watu walitazama chini, kama mtu ametukana mbele ya mama mkwe. Tranter naye alitazama mlango, kisha askari, kisha mikono yake.

"Sikutakiwa kuwaambia," alisema, na sauti yake ilishuka hata ikabidi wasogee. "Lakini huenda kutokuwaambia ndiko kulikotufikisha hapa. Kupasuka si kazi yake ya kwanza. Kazi yake ya kwanza ni kutopasuka. Linaangushwa kutoka juu sana, lipenye ardhi, lipenye zege, lizame kama msumari mpaka chini kabisa ya kile kilichojengwa kisibomolewe. Huko ndiko linakopasuka. Ndiyo maana pua ni nene. Ganda likiwa na udhaifu hata mmoja, linavunjika mlangoni kama yai, halafu vijana wa ndege wanaambiwa kesho warudi juu ya mizinga ile ile ya adui wakaangushe jingine."

Pinder alifunga kopo lake. Ilimchukua muda kulifunga.

"Na Vanek?" Tranter aliuliza. "Umenitazama usoni ukamtaja Vanek."

"Nilisema alikuwa hapa. Na alikuwa hapa."

"Ulijaza kwa sababu gani? Ungeonyesha tundu, lingechomelewa."

Pinder alifumbua mdomo. Macho yake yalikwenda kwenye kalibu lile la pembeni, alikosimama Mzee Amos, yakarudi. Akaufumba mdomo. Mpaka wanampandisha ngazi za ofisi hakuufumbua tena.

Askari walimwachia Bohumil ili wamfuate nyapara. Hakuna aliyemwomba radhi. Watu walikumbuka ghafla kuwa wana kazi. Bohumil alinyoosha mikono ya koti lake.

"Jumapili aliniuliza kama nasikia baridi," alimwambia Enid. "Akaniambia nenda kanywe chai, mimi nitakaa na ganda. Nikawaza, leo nyapara ana moyo mzuri. Wiki nzima nimekuwa nikimsifu kwa mke wangu."

"Mimi nilipaka grisi," alisema Enid. "Uliniona."

"Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangeniamini mimi?" Aliinama juu ya tundu na taa yake. "Naweza kulichomelea, kama chini kuna chuma. Linapashwa moto kwa makaa kwanza, taratibu, siku nzima. Lakini sitaligusa mpaka mtu asimame hapa atazame mikono yangu toka mwanzo mpaka mwisho. Halafu nikiulizwa, aulizwe na yeye."

"Nitasimama mimi."

"Wewe ni mzuri wa kufunika vitu, dada." Lakini alitikisa kichwa kukubali.

Tranter alirudi kutoka ofisini mara moja tu, kuzungushia tundu duara la chaki na kutia sahihi yake pembeni. Kipimo kilikuwa karibu kabisa na nusu ya unene na bado kilitoka cheusi. Honi ya kumaliza zamu ilikuwa karibu kulia. Alisema mtu asikate tena mpaka yeye mwenyewe awepo, kesho saa moja asubuhi. Pinder angelala nyumbani kwake, askari mlangoni, mpaka tundu lionyeshe sakafu yake.

Watu walipoanza kuvua aproni, Mzee Amos ndipo aliposogea. Alikuja akipitisha mkono juu ya benchi, kisha juu ya magogo, kisha juu ya ganda, mpaka kidole gumba chake kikafika kwenye duara la chaki. Akakiingiza ndani ya tundu. Enid alimmulikia kwa taa. Mzee alizungusha kidole taratibu, kichwa kimeinama kama anasoma.

"Unyevu," alisema. "Mchanga ulikuwa na unyevu hapa. Mvuke umekosa njia, umechimba ndani. Kalibu halikukauka vizuri."

"Kalibu lilikuwa lako."

"Lilikuwa langu."

Enid alitazama uso wake uliokuwa umeelekezwa kwenye tundu, macho wazi, kipaji kimekunjamana kwa umakini. Bila kusema, aliiondoa taa. Akaipeleka nyuma ya mgongo wake. Tundu likawa giza. Mzee Amos akaendelea kulitazama vile vile, kipaji kimekunjamana vile vile.

"Na hapa pembeni pana ufa," alisema. "Unaona?"

Enid akayakumbuka yote. Kile kidole kwenye kikombe. Ile mikono juu ya benchi. Dirisha lenye karatasi nyeusi alilolitazama adhuhuri kana kwamba lina barabara nje. Na kila jioni ya baridi hii baba yake alimsubiri langoni ampe kiwiko, naye akadhani mzee amekuwa na adabu za zamani. Katika mji uliozimwa taa, ambako kila mtu alitembea akipapasa kuta, nani angemtambua asiyeona?

"Pinder anajua," alisema Enid. Hakuwa anauliza.

"Wilf aliniona nikimwaga chai. Akasema, Amos, fanya kazi kwa mikono, mikono yako ina akili kuliko macho ya hawa wengine. Akasema mpaka vita viishe tu." Aliutoa mkono kwenye tundu, akaufuta. "Ganda la tatu lingeninyima kazi. Alijua hilo."

"Kwa hiyo alilifunika kwa ajili yako. Kwa nta yako. Halafu akamtoa kafara yule mwingine."

"Nta aliniomba ya viatu."

"Na walipomshika Bohumil, ulikuwa unangoja nini, baba?"

Mzee Amos alijifuta tena kidole gumba. Pale nyuma Bohumil alikuwa akijaza makaa kwenye kapu la chuma, kipande kimoja kimoja, kwa ajili ya asubuhi.

"Nilisikia watu wanatembea," alisema mwishoni. "Sikuona wameshika nani."

Huenda ilikuwa kweli. Enid aliigeuza kauli hiyo kichwani, akaitazama pande zote kama alivyotazama ganda, akaigonga. Hakuweza kusema kama ililia au haikulia. Sauti ya Pinder ilikuwa kubwa, na jina alilolitaja lilikuwa moja.

"Lile la pale umeshalifunga?" aliuliza, akionyesha kalibu la pembeni, kisha akakumbuka kuwa kuonyesha hakusaidii. "Hili jipya."

"Nusu. Wanamimina kesho adhuhuri."

"Usilifunge kabla sijafika. Nitautazama mchanga mimi. Halafu tutakwenda wote wawili kwa Tranter."

"Tutakwenda."

"Asubuhi, kabla sijaanza kukata."

"Nimesema tutakwenda, mama."

Honi ikalia. Enid alining'iniza nyundo ya upepo, akalifunika ganda kwa gunia na kuacha duara la chaki wazi, ili yeyote atakayeligusa aonekane ameligusa. Tindo aliliacha juu ya gogo, ncha yake bado nyeusi. Bohumil alikuwa ameketi juu ya ndoo, mgongo ukutani, uso kuelekea ganda.

"Huendi nyumbani?" Enid alimuuliza.

"Nakaa nalo mpaka mlinzi wa zamu aje. Halafu nitamwomba mlinzi aniandikie kwamba nimeondoka."

Baba yake alikuwa ameshafika mlangoni, amenyoosha kiwiko, anangoja. Enid alikishika. Kabla hawajatoka aligeuka mara moja zaidi kutazama lile kalibu lililofungwa nusu, mchanga wake mweusi na laini, ambao kwa taa ile hakuna mtu, mwenye macho wala asiye nayo, angeweza kusema kama ulikuwa umekauka.